Saa Isiyotiwa Ufunguo

Saa sita kamili ya mchana, pale ufukweni Ngumbo, kwenye Ziwa Nyasa, jua bado halijafika utosini. Lisubiri. Kwa wastani hufika kileleni yapata saa sita na dakika 40, na hata huo wastani lenyewe halijali: katikati ya Februari huchelewa hadi saa saba kasoro dakika chache, na mwanzoni mwa Novemba huwahi, hata saa sita na nusu haijatimia. Hakuna aliyekosea. Saa ya Tanzania nzima imepangwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ulio mbali baharini, ambao ukifuatwa kusini unakata kisiwa cha Madagaska. Sisi wa mwambao wa Nyasa tuko karibu na nyuzi 34 na nusu. Dunia hujizungusha nyuzi moja kwa kila dakika 4, kwa hiyo nyuzi kumi na ushei zinatudai dakika arobaini na ushei. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, saa iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Jua lile lile huwafika wao utosini saa sita kasoro robo. Wavuvi wawili wakikutana katikati ya maji, mmoja katoka Ngumbo na mwenzake katoka Nkhata Bay, kila mmoja ana saa sahihi mkononi na saa hizo hazipatani, na juu yao jua ni moja.

Haya ndiyo mazungumzo yetu sisi tunaopenda kufungua saa. Nasema kupenda, maana si riziki. Riziki iko shambani na majini. Saa za magurudumu bado zimelala kwenye masanduku ya vijiji vingi, toka Lituhi hadi Mbamba Bay. Nyingine zilikuja na waliokwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, nyingine na waliochukuliwa na mawakala wa Wenela kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kabla ya uhuru. Baadaye ikaja Seiko 5, iliyotoka kiwandani Japani kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ambayo haidai ufunguo kwa kuwa hujitia yenyewe mkono ukitikisika. Huko juu Umatengoni ilikuwa saa ya mtu aliyeuza kahawa nzuri. Mwenyewe akifariki, saa hurithiwa, husimama, huwekwa. Inapofika mezani pangu bado ina jasho la mtu nisiyemjua, limeganda kwenye ukingo wa kifuniko.

Faida ya fedha hakuna, na niseme mapema. Tangu Desemba 25, 1969, Seiko walipoanza kuuza mjini Tokyo saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, mbio za usahihi zilikwisha. Leo saa ya betri ya bei ya sado moja ya usipa inaishinda saa yoyote ya magurudumu, hata ile ya matajiri wa Uswisi. Anayetaka kujua saa tu, simu inamtosha. Anayetaka kuuona wakati ukifanyiwa kazi, huyo afungue kifuniko.

Kitu cha kwanza baada ya kufungua ni kuishusha kamani. Kamani ni utepe wa chuma uliojikunja ndani ya kopo lake. Ukiunyoosha unafika sentimita 30 au zaidi. Ukitia ufunguo unaukaza, nao kwa siku moja na nusu hutaka jambo moja tu, kujinyoosha. Ukianza kung'oa vipande kamani ingali imekazwa, nguvu yote hutoka kwa mkupuo na meno ya magurudumu huvunjika. Kwa hiyo unakishika kile kijino kinachoizuia, unauachia ufunguo urudi polepole kati ya vidole viwili, mpaka nguvu iishe. Ndipo bisibisi, ndipo kibano, ndipo kioo cha kukuzia jichoni. Meza iwe na kitambaa cheupe na dirisha lifungwe, maana mwera wa Juni na Julai hauulizi skrubu ni ya nani.

Nguvu ya kamani hupita kwenye magurudumu, kila moja likiwa jepesi na la kasi kuliko lililotangulia, hadi la mwisho, ambalo kwa kawaida lina meno 15. Hapo njia imezibwa. Kuna kipande chenye umbo la nanga, kina vito viwili vyekundu kwenye mikono yake: kinazuia jino, kinaliachia, kinazuia linalofuata. Anayekiamuru ni gurudumu la mizani, lile linalocheza huku na huku bila kuchoka, likirudishwa kila mara na kamani ya pili, ndogo, nyembamba kuliko unywele. Ule mlio wa tiki-tiki ndio huo, jino likigonga kito. Katika saa nyingi za zamani mizani hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kila sekunde, mara 432,000 kwa usiku na mchana. Seiko 5 nyingi huenda mbio zaidi, 21,600 kwa saa. Na gurudumu hilo lote linasimama juu ya ncha mbili ambazo unene wa kila moja ni kama sehemu ya kumi ya milimita.

Sasa piga hesabu. Saa ya babu inayokosea nusu dakika kwa siku, ambayo mjukuu anaicheka, imekosea sehemu moja katika 2,880. Meli ya ziwani ingeshika wakati namna hiyo, tungechinja ng'ombe.

Maradhi ya saa za huku ni yale yale: mchanga, jasho, na unyevu wa ziwa. Mafuta yaliyotiwa kiwandani miaka mingi iliyopita yamegeuka gundi. Kila kipande huoshwa kwa petroli safi, hupigwa brashi laini, hukaushwa, hurudishwa mahali pake. Mafuta mapya hutiwa kwa ncha ya sindano, tone ambalo bila kioo cha jichoni hulioni. Likizidi hutambaa na kwenda pasipotakiwa. Mwisho unalirudisha gurudumu la mizani, na kabla hujafika kwenye skrubu yake, kitu kilichonyamaza tangu mwenyewe azikwe kinashtuka na kuanza kupiga. Nimewaona watu wasiosali sana wakimtaja Mungu hapo.

Wala saa hiyo haikubuniwa na mtu mmoja. Kamani ndogo ya mizani ililetwa mwaka 1675 na Mholanzi Christiaan Huygens. Kutoboa vito ili ncha zizunguke ndani yake bila kulika kulianza London mwaka 1704, na Nicolas Fatio, mzaliwa wa Uswisi. Ile nanga ni ya Mwingereza Thomas Mudge, katikati ya karne ya 18. Rubi za kupikwa tanuruni alizitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na bila yeye saa ya mtu wa kawaida isingeweza kuandikwa usoni vito 17 au 21. Anayenivutia kuliko wote ni John Harrison, fundi seremala asiye na elimu ya chuo, aliyemaliza umri wake akitafuta saa ya kupimia longitudo baharini. Saa yake ya nne ilipelekwa Jamaika kwa meli mwaka 1761. Baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde 5 tu. Ndiyo njia iliyowezesha mabaharia kujua wako wapi: mwenye saa ya nyumbani mfukoni, akiona jua limefika utosini pale alipo, anajua ametengana na nyumbani kwa nyuzi ngapi. Dakika zetu arobaini za Ngumbo ni hesabu ile ile.

Adui aliyewasumbua mafundi wote hao ni joto. Chuma cha kamani ndogo kikipata joto hulegea, na saa huchelewa. Saa isiyo na kinga hupoteza sekunde 10 hivi kwa siku kwa kila nyuzi moja ya sentigredi inayoongezeka. Mbinga mjini, usiku wa Julai, watu huota moto wakiwa wamejitanda makoti. Ukishuka huku ziwani, mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari, koti unalikunja mapema. Tofauti ya nyuzi kumi si ajabu, na ingeifanya saa hiyo ipoteze karibu dakika mbili kwa siku kwa sababu tu mwenyewe kateremka mlima kufuata samaki. Tiba aliipata Charles-Édouard Guillaume, Mswisi aliyechanganya chuma na nikeli mpaka akapata madini yasiyosumbuliwa na joto, na mwaka 1920 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Alistahili.

Ila nzi alikuwa ameshafika. Mwaka 1954 mwanabiolojia Colin Pittendrigh alichapisha uchunguzi wake juu ya nzi wadogo wa matunda, ndugu wa hawa wanaozunguka ndizi mbivu. Nzi hawa hupasua ganda na kutoka wakiwa wakamilifu kwa saa maalumu, karibu na alfajiri. Pittendrigh aliwaweka gizani akabadilisha joto lao. Nzi hana joto lake mwenyewe. Hewa ikipoa naye hupoa, na kazi nyingi za mwili wake huzorota. Saa yake haikuzorota. Kinga ile iliyomletea Guillaume heshima ya dunia imo ndani ya mdudu wa milimita tatu, asiye na chuma wala nikeli, ambaye tunamfukuza kwa kiganja huku tukiendelea kula.

Tangu nisome habari hiyo nimekuwa nikizihesabu saa za namna hiyo hapa mwambaoni, na sijamaliza. Mkwaju hukunja majani yake jioni. Androsthenes, nahodha wa Aleksanda Mkuu, aliliona jambo hilo Bahrain karne ya nne kabla ya Kristo akaliandika. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques de Mairan alichukua mmea mwingine wenye tabia hiyo akaufungia gizani. Majani yakaendelea kufunguka mchana na kufumba usiku, na hakuna jua lililoyaambia. Jogoo naye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya walimweka kwenye mwanga hafifu usiobadilika usiku wala mchana, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba aliwika kwa wakati wake vile vile. Bibi zetu walioamka jogoo la kwanza kuwasha moto walimwamini anayestahili. Lakini ile dhana kwamba jogoo huiona alfajiri kabla yetu imeanguka: hajaiona, anaijua. Watafiti wale wale waligundua pia kwamba anayewika kwanza ni mkubwa wa kundi, wengine hufuata kwa cheo, jambo ambalo mwenye kuku yeyote hawezi kulikataa.

Na ziwa lenyewe. Wale wadudu wanaopanda juu ya maji wakafanya wingu, mpaka mgeni akadhani kuna moto, msafiri Livingstone aliwaona alipolizuru ziwa mwaka 1861 akawafananisha na moshi wa nyasi zinazoungua. Jirani zetu wa Malawi huwakusanya wakafinyanga mikate yao. Kabla ya kuota mabawa, mdudu huyo ni buu la majini. Mchana huzama kwenye giza la chini, kwenye maji yenye hewa haba ambamo samaki wengi hawathubutu kumfuata. Jioni hupanda kula. Alfajiri hushuka tena. Ziwa lina kina cha mita 700 na ushei, nao viumbe hawa, wasiohesabika, hulifanya lipumue juu na chini kila siku bila anayepiga kengele. Wavuvi wa usipa nao wana kalenda yao juu mbinguni: mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, watu hukaa ufukweni wakishona nyavu, mwezi ukifa, ziwa huwaka taa usiku kucha.

Nasi tunayo saa. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna chembe hai kama 20,000 tu zinazosimamia lini usingizi uje, lini joto la mwili lishuke, lini mwili uanze kujiandaa kabla hujafumbua macho. Ndani ya chembe hizo kuna kazi ambayo fundi saa yeyote ataitambua. Jeni fulani huamuru protini itengenezwe. Protini ikijaa, hurudi kuizuia jeni ile ile. Protini ikivunjika, jeni huachiwa, na kazi huanza upya. Kuzuia na kuachia, kazi ya nanga. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliifumbua kwa nzi wa matunda na kupewa Nobel mwaka 2017. Lakini angalia tofauti. Mimi naweza kukaa miezi nikitafuta kijino cha saa ya Roamer ambayo kiwanda hakitengenezi tena vipuri vyake. Saa hii ya ndani huvunja vipuri vyake kila siku na kutengeneza vipya kwa ugali na samaki uliokula jana.

Halafu kuna jambo lililonipa tabu. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake wa Harvard waliipima saa ya mwanadamu ikiwa imetengwa na majira ya nje, wakakuta mzunguko wake kwa wastani ni saa 24 na dakika 11. Fundi mwenzangu, isome tena hesabu hiyo. Dakika 11 kwa siku! Mrudishie mteja saa yenye kosa hilo uone atakavyokuita. Ile ya babu niliyoitetea hapo juu ilikosea nusu dakika. Je, Muumba aliyempa nzi saa isiyojali baridi ameshindwa kutupangia sisi mizani?

Nimelifikiri sana hilo, mara nyingi jioni, mkono ukiwa umechoka na kibano. Jibu ninaloliona ni kwamba mimi ningetengeneza saa isiyokosea, na ningekuwa nimekosea. Saa hii imeachwa wazi makusudi. Mwanga wa asubuhi ukiingia jichoni huisukuma na kuiweka sawa, kila siku, bila bisibisi, na kwa kuwa haikufungwa kwa nambari moja inaweza kufuata majira. Hapa Ngumbo mchana wa Juni ni kama saa 11 na nusu, na wa Desemba unakaribia saa 12 na dakika 45. Mwili unakwenda nao. Kijana wetu akienda Oslo kusoma, siku chache za kusinzia ovyo na mwili wake umekuwa wa Oslo, ilhali Seiko 5 mkononi mwake itaendelea kusema saa za Ngumbo mpaka aizungushe mwenyewe. Na kirekebishi chenyewe kimewekwa mahali ambapo tajiri na maskini wanakipata sawa: mashariki, nyuma ya milima ya Umatengo.

Kuna mfano mashuhuri ambao wahubiri wanaupenda. Mwaka 1802 William Paley, kasisi wa Kianglikana, alianza kitabu chake cha Natural Theology kwa habari ya mtu aliyeokota saa uwandani: kwa kuitazama tu, mtu huyo lazima akiri kwamba iko kwa sababu yuko fundi aliyeitengeneza, na ulimwengu vivyo hivyo. Nauheshimu mfano huo, na bado haunitoshi. Naona unaipa saa sifa zisizo zake. Paley aliitazama saa, hakukaa nayo mezani. Angekaa nayo angejua kwamba haiponi, haizai, haijui kama jua limechomoza, na kwamba kila fundi anayeifunga anamwachia kazi fundi mwingine atakayekuja baada yake. Ukitaka kumsifu Mungu kwa mfano wa saa, anza na yale ambayo saa haiwezi. Huko ndiko sifa zilikojaa.

Sikatai kwamba saa nayo ni ajabu. Akili ya Harrison haikujiumba yenyewe, na vidole vinavyoweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga vimetoka kwa Yeye yule. Ndiyo maana sioni kwamba jioni zangu zimepotea.

Basi wewe ambaye kwenu kuna saa ya marehemu iliyosimama, usiitupe, na usiitie mafuta ya cherehani wala ya kupikia. Usiifungue kwa kisu cha jikoni. Iweke pakavu, mbali na spika za redio maana sumaku yake huivuruga, hadi utakapompata fundi. Mijini bado wapo wanaokaa barazani na kioo jichoni, na kazi hawana nyingi. Ukitaka kujifunza mwenyewe, anza na saa ya mezani ya kengele, iliyokufa na isiyo na mwenyewe, kwa kuwa vipande vyake vinashikika. Ila shusha kamani kwanza. Ile ya saa ya mezani ikikuponyoka, inakata kidole.